Debe la Mtama na Paa la Kanisa



Nimepokea barua ya baba mmoja wa kigango cha mbali. Jina lake silitaji, wala la kigango chake, maana ugomvi ulioko huko haujakwisha, nami sitaki kuumwagia mafuta ya taa. Habari yake kwa kifupi ni hii. Wakristo wamekusanya mtama wa sadaka ya mavuno kwa miaka miwili, kusudi wanunue mabati ya kanisa. Sasa mvua zimekatika kabla mtama haujatoa masuke, na nyumba kadha wa kadha zimeanza kupika mara moja kwa siku. Halmashauri imegawanyika pande mbili. Hawa wanasema mali ya Mungu haiguswi, iuzwe tu, kanisa liezekwe. Wale wanasema wapewe wenye njaa. Mwisho ananiuliza: wewe mzee unayetuandikia kila juma, upande wa haki ni upi?

Msomaji, swali hili si geni kwangu. Lilitufikia sisi wenyewe mwaka 2006, nami nilikuwa mwandishi wa halmashauri ya kigango chetu. Tena nitaungama mbele yenu wote: siku ile nilisimama upande usiofaa. Kwa hiyo sitajibu kama mwalimu mwenye fimbo mkononi. Nitawasimulieni yaliyotupata, kisha mtajipimia wenyewe.

Kigango chetu

Ninyi mnaokaa karibu na parokia, ambao kengele ya Misa huwaamsha kila asubuhi, huenda hamyajui vema maisha ya kigango. Kwetu Padre hufika mara moja kwa mwezi kwa pikipiki, na makorongo ya mchanga yakijaa maji wakati wa masika, hafiki kabisa. Jumapili nyingine zote katekista huongoza Ibada ya Neno la Mungu. Yeye ndiye anayefundisha watoto wa komunyo ya kwanza. Yeye ndiye anayeitwa usiku mgonjwa akizidiwa, na yeye ndiye anayetangulia na msalaba njia ya makaburini. Lakini Jumatatu asubuhi utamkuta shambani na jembe lake kama mtu mwingine yeyote, maana posho yake haitoshi hata chumvi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya kazi za kimisioni iliyotolewa Desemba 1965, uliwasifu sana makatekista. Sifa hiyo ni ya haki. Lakini sifa haipikwi ikaliwa.

Kanisa letu wakati ule lilikuwa la matofali mabichi, na juu yake paa la udongo kama la tembe: miti, fito, nyasi, kisha udongo ulioshindiliwa. Kwa nyumba ya watu sita paa hilo ni zuri, hutia baridi wakati wa jua kali. Kwa kanisa la watu mia mbili ni taabu tupu. Mvua kubwa ikinyesha, udongo hulowa na kuwa mzito, miti ikalia, na maji yakapenya. Pasaka moja, katikati ya ubatizo, tope lilidondoka juu ya kitambaa cha altare. Akina mama walitoka nje na kulia kwa aibu. Ndipo tulipoazimia ya kuwa kila nyumba italeta debe moja la mtama au uwele kila mavuno, mpaka tupate mabati.

Tulianza mwaka 2002. Kwa mavuno matatu tulipata magunia 19, yaani madebe 114, kwa kuwa gunia letu ni madebe sita. Tuliyapepeta, tukayaanika juani siku tatu, tukayachanganya na majivu, tukayatia katika vihenge ndani ya chumba kilichoko nyuma ya altare. Mlango ulikuwa na kufuli mbili. Ufunguo mmoja ulikaa kwa mwenyekiti, wa pili kwa mama kiongozi wa WAWATA. Daftari lilikaa kwangu. Kila nilipolifungua niliona paa linaongezeka.

Mwaka wa njaa

Mnazijua mvua zetu. Nyanda hizi za katikati hupata milimita 500 mpaka 600 kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Miezi mingine ni jua na upepo. Mvua hizo si nyingi, lakini mtama na uwele huridhika nazo zikija kwa utaratibu. Zikija kwa fujo, au zikinyesha juma moja na kupotea majuma manne, basi hata uwele huinamisha kichwa.

Mwaka 2005 zilikuwa haba, na mwisho wa mwaka ule zikachelewa. Ukame ule haukuwa wetu peke yetu. Mwaka 2006 hata mijini umeme ulitolewa kwa mgawo, kwa sababu maji ya mabwawa yalipungua. Huko walikosa taa. Huku kwetu tulikosa ugali.

Mwezi wa Januari watu wakaanza kuhemea. Baba alikokota mbuzi mpaka mnadani, akarudi na debe la mahindi. Juma lililofuata, mbuzi wa kimo kile kile alileta nusu debe. Ndiyo desturi ya njaa: bei ya chakula hupanda na bei ya mifugo hushuka, siku moja, mnada mmoja, na mtu yule yule huumia mara mbili.

Hapo ikaitishwa halmashauri. Mimi ndiye niliyetoa shauri la kuuza. Nilikuwa nimepiga hesabu usiku, nikawasomea: bei ya mtama imepanda karibu mara mbili, tukiuza sasa tutapata mabati yote na misumari, na pengine saruji ya sakafu. Tukingojea mavuno mema bei itashuka, nasi tutakaa na tope letu miaka mingine mitatu. Nilisema kwa sauti ya mtu mwenye akili, na wanaume wengi wakaniitikia. Sikutambua ya kuwa bei ile iliyonifurahisha ilikuwa ni njaa ya majirani zangu, imeandikwa kwa tarakimu.

Katekista hakubishana nami. Aliomba tu kwamba mama mmoja mjane, mkubwa kuliko sisi wote, apewe nafasi ya kusema, ingawa hakuwa mjumbe. Mama akasimama, akashika ukuta.

"Mwanangu," akaniambia, "umehesabu vizuri. Sasa nihesabie na hili. Paa letu mwaka huu halitavuja, maana mvua haipo. Kinachovuja ni matumbo ya watoto."

Nikamjibu kwa heshima, "Mama, mtama huu si wetu. Ni mali ya Mungu."

Akasema, "Mungu hali mtama."

Watu wakacheka kidogo, kisha wakanyamaza. Ndipo mama akatusimulia habari za Mtunya kama alivyosikia kwa mama yake mzazi.

Vijana wengi wa leo hawalijui neno hilo, basi na nilieleze. Mtunya ni njaa kuu iliyowapata Wagogo toka mwaka 1917 mpaka 1920. Vita ya Wajerumani na Waingereza ilikuwa imepita katika nchi yetu. Majeshi yalichukua ng'ombe, yalichukua nafaka, yalichukua na wanaume wenye nguvu wabebe mizigo. Mashamba yakabaki bila watu. Kisha mvua zikakosekana, na juu ya njaa ukafuata ugonjwa wa mafua makali ulioenea dunia nzima mwaka 1918. Wataalamu wa historia wanakadiria ya kuwa kati ya Wagogo 150,000 wa wilaya ya Dodoma walikufa kama 30,000. Maana yake ni mtu mmoja katika kila watano. Hesabu watu watano wa nyumbani kwako wanaokaa kula pamoja, kisha ondoa mmoja.

Mwaka ule ule wa 1917, huko Ihumwa, alizaliwa Mathias Mnyampala, Mgogo na Mkatoliki mwenzetu, ambaye baadaye aliandika kitabu cha historia, mila na desturi za Wagogo, kikatoka mwaka 1954, na kisha akatunga tenzi za Enjili na za Zaburi. Wengi wamemjua kwa ushairi wake. Mimi hupenda kukumbuka pia kwamba alikuwa mtoto mchanga wakati wa Mtunya, na mtoto mchanga haponi kwa nguvu zake mwenyewe. Kuna mtu aliyemlisha.

Mama mjane akamaliza hivi: "Mama yangu alisema, wakati ule alikuwako mtu aliyefukia nafaka chini ya zizi usiku, jirani yake asijue. Jirani alizika watoto wawili. Baadaye mvua zilirudi, watu wakalima, wakavuna, wakacheza ngoma. Lakini nyumba zile mbili hazikusalimiana tena hata wote wakaingia kaburini. Njaa hupita, mwanangu. Ulilomtendea jirani wakati wa njaa halipiti."

Akakaa. Daftari langu lilikuwa bado wazi mezani. Nikalifunga.

Kukopesha au kugawa?

Msidhani ya kuwa mambo yaliisha kwa machozi na nyimbo. Hapo ndipo kazi ilipoanza. Kwanza tulimpelekea Padre habari. Hakutuamuru lolote. Aliomba alione daftari, akalisoma ukurasa kwa ukurasa, akasema, "Mtama ni wenu na kanisa ni lenu. Mkipatana, mimi nitabariki. Msipopatana, hata mabati hayatawafaa kitu." Akapanda pikipiki, akaenda zake kigango kingine.

Tukaketi tena. Wengine walitaka kugawa bure. Katekista akasema, "Tukigawa bure, mwaka ujao vihenge ni vitupu, na njaa ikirudi hatuna kitu. Tena mtu mzima akipewa bure mbele ya watoto wake, anainamisha uso. Tumkopeshe debe, arudishe debe. Asiongeze hata kibaba." Neno hili likapita.

Swali la pili lilikuwa gumu zaidi. Je, tumkopeshe nani? Mwenyekiti wetu alikuwa mtu mwema, lakini alisema, "Wakatoliki ndio waliochanga. Waanglikana wana kanisa lao, Waislamu wana msikiti wao, na wasio na dini hawakuleta hata punje." Twajua ya kuwa hapa Ugogo wenzetu Waanglikana walitangulia kabla yetu mahali pengi, na dayosisi yao ya Tanganyika ya Kati ilianzishwa mwaka 1927. Sisi tulipata mkoa wetu wa kitume wa Dodoma mwaka 1935, chini ya Mapadre Wapasionisti, yaani wa Shirika la Mateso ya Yesu. Zamani wazee wetu walishindana sana kwa shule na kwa wanafunzi. Mashindano yale yamekwisha, lakini majivu yake bado yana joto.

Katekista akamwuliza mwenyekiti jambo moja tu: "Kaburi la marehemu baba yako lilichimbwa na akina nani?"

Mwenyekiti akatazama chini. Sote tulikumbuka. Lilichimbwa na Waislamu wa upande wa kisimani, kwa sababu siku ile Wakatoliki wengi tulikuwa parokiani kwa sikukuu. Hawakungoja kuombwa. Mwenyekiti akatoa ufunguo mfukoni, akauweka mezani.

Nyumba 38 zilikopeshwa, kila nyumba debe moja Januari, jingine Februari, jingine Machi. Nyumba 17 kati yake hazikuwa za Wakatoliki. Tulitanguliza wajane, wagonjwa, na nyumba zenye watoto wadogo. Na sasa nitawaambieni jambo nililoficha siku nyingi. Nyumba ya 31 katika daftari lile ni yangu. Mke wangu alisimama katika mstari na debe lake kama wenzake, nami nikiwa mezani na kalamu. Mtama ule niliotaka kuuza, wajukuu wangu ndio walioula. Niliandika jina langu kwa mkono wangu mwenyewe, na mwandiko wake hata leo umepinda.

Mvua zilizochelewa zilituletea mavuno kidogo. Mwaka ule yakarudi madebe 52. Mwaka 2007 yakarudi 47. Madebe 15 hayakurudi mpaka leo. Mzee mmoja Mwislamu alileta manne badala ya matatu. Nikamwambia, "Mzee, deni lako ni matatu." Akasema, "La nne ni la yule atakayeshindwa." Sikulitia katika hesabu ya deni, nililiandika ukurasa wa sadaka.

Palikuwa na kelele juu ya yale 15. Mjumbe mmoja alitaka majina yasomwe Jumapili baada ya matangazo. Tukakataa. Wengine walikuwa wamehama, wawili walikuwa wamekufa, na wengine wanajijua wenyewe na Mungu wao. Je, ni haki kwamba mmoja alipe na mwingine asilipe? Si haki. Hilo nalikubali, na bado linaniuma kidogo. Lakini kijiji hakikuvunjika, na mwaka ule hatukuzika mtoto hata mmoja kwa njaa.

Mabati tuliyapata mwaka 2010. Tulichelewa kwa miaka minne. Siku ya kupandisha mabati walikuja Waanglikana na nyundo zao, na wale Waislamu wa kisimani walileta maji ya kufinyangia udongo wa kuziba kuta. Hatukuwaita kwa barua.

Wenzetu wa Uingereza

Nimesoma habari za vijiji vya Uingereza, nikaona mengi yanayofanana na yetu. Huko karibu kila kijiji cha zamani kina kanisa la mawe lenye mnara na kengele, na makaburi yamelizunguka. Zamani wakulima walitoa zaka ya nafaka, sehemu moja ya kumi, ikawekwa katika maghala makubwa, na baadhi ya maghala hayo yamesimama hata leo. Siku ya kwanza ya Agosti ilikuwa desturi kuleta kanisani mkate wa ngano mpya. Desturi ile ilififia. Mwaka 1843, katika kijiji cha Morwenstow, upande wa magharibi ya mbali, mchungaji wa Kianglikana jina lake Robert Stephen Hawker aliwaita watu wake kanisani kumshukuru Mungu kwa mavuno. Jambo hili likaenea nchi nzima. Huyu Hawker, alipokuwa katika kitanda cha mauti mwaka 1875, alipokewa katika Kanisa Katoliki.

Siku hizi, katika ibada za mavuno za huko, watu wengi huleta vyakula vya makopo na vya pakiti, kisha hupelekwa mahali pa kuwagawia wasio na chakula. Naam, hata Uingereza wako wasio na chakula. Na jambo jingine: mchungaji mmoja huko vijijini mara nyingi hutunza makanisa kadhaa, huzunguka toka hili hata lile kama Padre wetu na pikipiki yake. Lakini sababu zake ni mbalimbali. Kwetu Padre hatoshi kwa kuwa waumini ni wengi. Kwao mchungaji hana watu wa kutosha, na makanisa mengine yamefungwa. Wazee wachache wanafagia, wanapanga maua, wanapiga kengele, na vijana wamekwenda mijini.

Hapo ndugu zangu tusiwacheke. Tujitazame.

Vijana na ufunguo

Mwaka 1971, wakati wa Operesheni Dodoma, wazee wetu waliokaa mbalimbali katika matembe yao walihamishwa na kukusanywa katika vijiji vya ujamaa. Vigango vingi vilianza upya, na ibada zilifanyika chini ya mti. Kisha maaskofu wa Afrika ya Mashariki, katika mikutano yao ya mwaka 1973 na 1976 huko Nairobi, wakasisitiza jumuiya ndogo ndogo, yaani Kanisa lijengwe katika nyumba za majirani wanaojuana. Ndiyo maana leo tunakutana kila juma nyumba kwa nyumba. Jimbo letu nalo limekua. Mwaka 1953 lilifanywa jimbo kamili, mwaka 1972 likampata Askofu Mathias Isuja, mwaka 2011 likazaa Jimbo la Kondoa, na mwaka 2014 likawa Jimbo Kuu.

Sasa mji wa Dodoma nao unakua na kutujia. Pale Mtumba, jirani na Ihumwa alikozaliwa Mnyampala, zimesimama ofisi za wizara. Mwaka 2024 garimoshi la umeme lilianza kubeba abiria toka Dar es Salaam mpaka Dodoma. Mashamba yamekuwa viwanja. Vijana wetu wanaendesha bodaboda, wanachanganya saruji, wanauza vocha. Siwalaumu, maana wanatafuta riziki, na wengi hututumia fedha kwa simu. Lakini mwaka jana tulipotafuta mtu wa kupokea ufunguo wa ghala baada ya mwenyekiti kufariki, tulikaa Jumapili tatu bila kumpata. Kila kijana alisema hana nafasi. Mwishowe aliupokea binti mmoja wa miaka 24, mama wa mtoto mmoja. Nilimkabidhi na daftari. Aliniuliza, "Babu, hili jina la 31 ni lako?" Nikamjibu, "Ni langu. Lisome vizuri."

Jibu langu kwa mwenye barua

Basi, ndugu yangu uliyeniandikia, mimi nasema: fungueni ghala. Mabati yatangoja, mtoto hangoji. Lakini fungueni kwa akili, mkifuata mambo haya matano.

Kwanza, itisheni mkutano wa waumini wote, si wajumbe peke yao. Waulizeni wajane na wazee kabla ya wenye hesabu. Mpeni Padre habari mapema, na daftari likiwa safi.

Pili, kopesheni, msigawe ovyo. Debe kwa debe, bila riba. Tumieni debe moja lile lile kupimia wakati wa kutoa na wakati wa kupokea, na lipigwe ufito juu, lisiwe la kujaa hapa na la kupungua pale. Mnyonge kabisa asiyeweza kurudisha, apewe kwa siri na jumuiya yake, wala asiandikwe deni.

Tatu, msiulize dini mlangoni. Ulizeni nyumba ina watu wangapi, na mara ya mwisho walipika lini.

Nne, funguo ziwe mbili kwa watu wawili wa nyumba mbili, na mmoja wao awe mama. Daftari liwe kwa mtu wa tatu. Si kwa kuwa watu ni wezi, bali kwa kuwa maneno ya uwongo huzaliwa mahali penye ufunguo mmoja.

Tano, akiba isiliwe yote. Wekeni magunia machache ya mbegu, mkayafunge kabisa mpaka mvua ya kupandia. Na mkikusanya tena, pendeleeni mtama na uwele kuliko mahindi. Mahindi hupendwa mno na dumuzi, yule mdudu aliyeonekana Tabora kwenye miaka ya 1980 ambaye watu walimwita Skania. Punje ndogo zilizokauka vema hukaa muda mrefu. Yusufu kule Misri aliweka akiba ya miaka saba. Sisi tukiweka ya mwaka mmoja tumejitahidi.

Labda utaniambia, "Mzee, tukikopesha, wako watakaotudhulumu." Ni kweli, watakuwako. Kwetu walibaki na madebe 15. Nimeyahesabu mara nyingi, na kila mwaka huona ni machache kuliko mwaka uliotangulia.

Yule mama mjane alifariki mwaka 2012. Tulimsomea Misa ya mazishi ndani ya kanisa la mabati, na siku ile mvua ilinyesha sana. Kelele zake juu ya paa zilikuwa kubwa hata mahubiri ya Padre hayakusikika vizuri. Hakuna tone lililoingia. Sisi wa halmashauri ya zamani tulitazamana, lakini hakuna aliyesema neno.

Kwa leo nakomea hapa. Jumapili hii, baada ya ibada, mwulizeni katekista wenu maswali mawili: ghala letu lina nini, na ufunguo uko kwa nani? Kisha mniandikie jibu.

Mungu awabariki ninyi na mashamba yenu.

Wenu,
Mzee wa Daftari